Kanisa la Amani la Jawor kwa kipimo cha 1:50: shajara ya karakana

Januari

Nimeamua. Modeli kubwa ya mwaka huu katika karakana yetu hapa Muheza itakuwa Kanisa la Amani la Jawor, mji mdogo wa Silesia ya Chini, kusini-magharibi mwa Poland. Baadhi ya wanafunzi wa useremala walitaka tutengeneze kanisa la mawe lenye minara miwili, la aina inayopendeza kwenye kalenda. Nimeshikilia hili kwa sababu ni kanisa la Kilutheri lililojengwa kwa miti, udongo na majani makavu, nalo limesimama tangu 1655. Mwanafunzi wa useremala atajifunza zaidi hapo kuliko kwenye mawe.

Habari yake ni hii. Vita vya Miaka Thelathini vilimalizwa na Mkataba wa Westphalia mwaka 1648. Silesia ilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg, watawala Wakatoliki, na Walutheri wa sehemu kubwa ya nchi ile walikuwa wamenyang'anywa makanisa yao. Sweden ilishinikiza, na Kaisari Ferdinand III akawaruhusu kujenga makanisa matatu tu: moja Głogów, moja Jawor, moja Świdnica. Ruhusa ikaja na masharti. Wajenge kwa gharama zao wenyewe. Wajenge nje ya kuta za mji. Watumie mbao, udongo, mchanga na majani. Jiwe na tofali hapana. Mnara hapana, kengele hapana. Na kazi iishe ndani ya mwaka mmoja.

Fundi yeyote akisoma orodha hiyo anaelewa walichotakiwa kujenga: kitu cha kuoza. Na hapo ndipo mradi huu unaponivuta. Nataka wanafunzi waone kwa mikono yao kwa nini hakikuoza.

Michoro ya Jawor ilitoka kwa Albrecht von Saebisch wa Wrocław, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa uhandisi wa ngome. Hilo nimeliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Mtu aliyezoea kuwaza mizinga na maboma alipewa miti na udongo, akaambiwa ahifadhi maelfu ya waumini.

Niliwahi kuingia humo nilipokuwa nasoma Wrocław. Kwa nje unaona ghala kubwa la nafaka, kuta nyeupe zilizokatwakatwa na miti myeusi. Ukiingia, shingo inapinda yenyewe kutazama juu: roshani nne, moja juu ya nyingine, zinazunguka ukumbi, na kila ubao wa mbele umechorwa. Ni rangi tupu hadi darini. Nimesali katika makanisa mengi. Sijaona jengo jingine ambalo nje yake inasema kidogo hivyo na ndani yake inasema mengi hivyo.

Februari

Vipimo: urefu mita 43.5, upana mita 14, kimo mita 15.7. Kwa 1:50 tunapata sentimita 87 kwa 28 kwa 31.4. Modeli itakaa juu ya meza moja ya kazi na itapita mlangoni bila kulazwa ubavu.

Mti: vipande vya mtiki vilivyobaki karakanani. Shamba la miti la Longuza liko jirani, kwa hiyo mabaki ya mtiki hapa hayakosekani. Tunapasua nguzo za milimita 6 kwa 6 na miti ya mshazari ya milimita 4. Mtiki ni mgumu na unachosha patasi ndogo, lakini haupindi ukishakauka vizuri, na katika fremu ya namna hii ukipata mti mmoja uliopinda utahangaika nao hadi paani.

Nimeweka kanuni moja: fremu kuu haipati gundi wala msumari. Ni ulimi na tundu, na kigingi cha mwanzi kupita katikati. Wanafunzi wamenung'unika kidogo, maana gundi ingetuokolea wiki kadhaa. Lakini kiungo cha kigingi kinaweza kufunguliwa. Unagonga kigingi, unachomoa nguzo moja, unaweka nyingine, na majirani zake wanabaki walipo. Kiungo cha gundi kikiharibika unakata. Kama tunataka kuelewa jengo ambalo limekarabatiwa kizazi baada ya kizazi, lazima tujenge modeli inayokarabatika.

Nilipobandika mchoro wa ukuta, vijana wakaanza kutaja viungo bila kuulizwa: nguzo, mwamba, mtambaapanya, makombamoyo. Nusu yao wamekulia katika nyumba za namna hiyo.

Machi

Fremu ya ukuta wa kusini imesimama.

Tulifanya jaribio ambalo nilikuwa nalisubiri tangu mwanzo. Tulisimamisha nguzo na miamba peke yake, bila miti ya mshazari, na mwanafunzi mmoja akasukuma kona ya juu kwa kidole. Ukuta wote ukalala upande, kila mraba ukageuka mshazari, na vigingi vyote vikiwa vizima. Hakuna kiungo kilichovunjika, na jengo lingekuwa chini. Kisha tukaongeza miti ya mshazari, akasukuma tena, safari hii kwa kiganja. Haukutikisika.

Hapo nikawasimulia Głogów. Kanisa la Amani la kwanza la mji ule liliangushwa na dhoruba mwaka 1654, likiwa halijamaliza hata miaka michache. Wakajenga upya. Hilo la pili liliungua mwaka 1758 na halikurudi tena, ndiyo sababu leo yamebaki mawili, Jawor na Świdnica, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kwa hiyo maadui wa kanisa la miti ni upepo, moto na maji. Masharti ya Kaisari yaliwakabidhi Walutheri kwa wote watatu.

Kuna jambo ambalo wanafunzi waliliuliza na linastahili nafasi. Nyumba ya fito ya kwetu haina miti ya mshazari, mbona haianguki? Jibu liko chini. Nguzo ya kwetu imefukiwa ardhini, futi mbili au zaidi, na ardhi yenyewe inaishika isilale. Nguzo za fremu ya Ulaya haziingii ardhini. Zimesimama juu ya boriti nene ya kitako iliyolala. Kwa hiyo ardhi haizisaidii chochote, na miti ya mshazari inabeba kazi yote ya kuzuia mlalo. Hasara ni hiyo. Faida ni kwamba mguu wa nguzo haunywi maji ya ardhini. Nyumba zetu nyingi zinakufa kuanzia kifundoni: sentimita chache juu na chini ya usawa wa ardhi, pale unyevu na mchwa wanapokutana. Ukichimbua nguzo ya nyumba ya miaka kumi na tano unakuta juu mti mzima na chini unga.

Nimewaambia wachore michoro yote miwili kando kwa kando kwenye madaftari yao. Kama mradi ungeishia hapa ningekuwa nimeridhika.

Aprili na Mei, masika

Mvua imetupa muda wa kukaa ndani na udongo.

Udongo tumeuchukua kwenye kichuguu nyuma ya karakana, tukauponda, tukauchekecha, kisha tukachanganya na mabua ya mpunga yaliyokatwa fupi sana ili yalingane na kipimo. Kwanza tulikandika vibao vya majaribio vyenye viwango tofauti vya majani. Kibao kisicho na majani kilipasuka kikikauka, mistari mipana ikitoka kona hadi kona. Chenye majani kidogo kilipata nyufa nyembamba. Chenye majani mengi hakikupasuka, ila uso wake ulikuwa na manyoya na ulimomonyoka ukipitishwa kidole. Tumechagua cha kati na kukipaka chokaa juu.

Ndani ya kila mraba wa fremu tumepachika vijiti vya mwanzi, tumevizungushia majani yaliyolowekwa katika udongo, kisha tukakandika pande zote mbili. Kazi hii ni ya vidole, chombo hakisaidii. Wasichana wawili wa mwaka wa kwanza wameishika kwa namna ambayo sisi wengine tumebaki kuwapelekea udongo.

Mzee mmoja, fundi mstaafu aliyenifundisha kushika randa, alipita siku ya mvua kubwa. Nilimwamkia, nikamwonyesha kuta.

"Mwanangu, mbona hamkupiga plasta ya saruji? Mvua ikinyesha udongo huu utabaki?"

"Mzee, plasta ya saruji ndiyo ingeuua mti."

Akakaa kwenye benchi, akataka maelezo, nami nikampa. Udongo na mti vinaelewana kwa sababu udongo unanyonya unyevu kutoka kwenye mti na kuuachia hewani. Ukuta unalowa, ukuta unakauka, na mti uliomo ndani unabaki mkavu. Saruji ni ngumu na haipumui vizuri. Mti unapopanuka na kusinyaa kwa majira, plasta ya saruji haifuati. Inaachana na mti kwa ufa mwembamba kama uzi, maji yanaingia kwenye ufa huo, na njia ya kutokea hakuna. Baada ya hapo unakuwa na ukuta unaoonekana mzima huku nguzo iliyomo inaoza bila mtu kuiona. Ulaya mafundi wa ukarabati wamegombana na saruji ya karne ya 20 kwenye majengo mengi ya fremu ya mbao, wakairudisha nyuma na kuweka udongo na chokaa tena.

Mzee akasema nyumba ya dada yake kule Amani ilipigwa saruji juu ya udongo, na sasa saruji inabanduka mabamba kwa mabamba. Akauliza chokaa inakaa miaka mingapi. Nikamwambia inapakwa upya, na hiyo ndiyo kazi ya mwenye nyumba. Akatikisa kichwa kukubali, akaomba kibao cha majaribio akajaribu mwenyewe nyumbani. Nimempa kile tulichokichagua, pamoja na kipimo cha mchanganyiko kwenye karatasi.

Nasisitiza jambo hili katika shajara kwa sababu wapo wanaoamini udongo ulikuwa adhabu ya umaskini, uwe wa Silesia au wa Usambara. Kaisari aliwachagulia Walutheri wa Jawor vitu viwili ambavyo, vikiunganishwa na fundi anayejua, hulindana.

Juni

Roshani. Mwezi mzima ni roshani, na bado.

Nianze na hesabu niliyowapa wanafunzi. Kanisa la Jawor linatajwa kuwa na uwezo wa kuchukua watu 5,500. Sakafu yake, mita 43.5 kwa 14, haifikii hata mita za mraba 610. Gawanya: watu tisa kwa kila mita moja ya mraba. Haiwezekani, hata wakisimama wamebanana na bila kuacha nafasi ya madhabahu. Kwa hiyo swali la jengo hili halikuwa lifanane vipi na kanisa. Swali lilikuwa watu wawekwe wapi, na jibu lilikuwa juu. Jirani yake wa Świdnica, lenye umbo la msalaba na urefu wa mita 44, linachukua watu 7,500, na 3,000 kati yao wameketi.

Sababu ya wingi huo inaeleweka ukikumbuka idadi ya makanisa. Kanisa moja lilitumikia eneo zima la utawala. Watu walitoka vijiji vya mbali kwa miguu na kwa mikokoteni, na wengi hawakuwa na mahali pengine pa karibu pa kwenda.

Sasa uzito. Tukichukua kilo 60 kwa mtu, watu 5,500 ni tani 330. Tuseme nusu yao tu wako juu: tani 165 zinazopanda ngazi, zinazosimama pamoja wakati wa wimbo, zinazoketi pamoja baada yake. Mzigo huo haukai kimya. Unapiga.

Tulipoanza kupachika mihimili ya roshani ya kwanza ndipo wanafunzi walipoona kile ambacho mchoro hauwaonyeshi. Roshani si pambo lililoning'inizwa ndani ya jengo. Mihimili yake inafunga nguzo za ndani na ukuta wa nje pamoja, ghorofa kwa ghorofa. Nguzo ndefu peke yake hupinda katikati ikibanwa kutoka juu. Nguzo ileile ikishikwa kila baada ya mita chache na mhimili wa roshani haina nafasi ya kupinda. Tulipima kwa modeli: fremu ya ukumbi bila roshani ilikuwa inatetemeka ukigonga meza. Baada ya roshani ya pili kupachikwa, mtetemo ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo umati uliohitaji mahali pa kukaa ndio uliolipa jengo ugumu wake. Sina jengo jingine ninaloweza kulitumia kufundisha jambo hili kwa uwazi kiasi hiki, na nimekuwa fundi muda mrefu.

Ngazi zimetutesa kidogo, ni finyu na nyingi, na sitaandika zaidi.

Julai

Picha za mbele ya roshani. Kwenye jengo lenyewe ziko takriban 200, zilizochorwa na Georg Flegel kati ya 1671 na 1681. Asichanganywe na Georg Flegel mwingine, mchoraji wa matunda na vyakula, aliyefariki 1638. Nyingi ni visa vya Biblia, na safu nyingine zina mandhari, ngao za koo za wakubwa na alama za vyama vya mafundi.

Hatuwezi kuchora zote kwa kimo cha sentimita mbili. Tumekubaliana wanafunzi wachore visa vichache wanavyovipenda, na mbao zilizobaki zipakwe rangi ya samawati na nyeupe. Safina ya Nuhu imegombaniwa na watu watatu.

Kwangu alama za vyama vya mafundi zina uzito wa pekee. Waliojenga na kulipia wamewekwa mbele ya macho ya kila anayesali, safu moja au mbili kutoka kwa Ibrahimu na Musa. Karakana yetu nayo imepata ubao wake: patasi na randa, roshani ya pili, upande wa kaskazini.

Agosti

Vijana wa usharika walikuja kuona kazi. Tulifanya nao jaribio la nyuzi. Mimbari ya Jawor ni ya mwaka 1670, tumeitengeneza na kuiweka ubavuni mwa ukumbi. Nikawapa uzi mwembamba, kila mmoja achague mahali kwenye roshani na kuuvuta hadi kichwani kwa mhubiri. Uzi ukinyooka bila kugusa nguzo wala ukingo, mtu wa mahali pale anamwona mhubiri.

Karibu zote za ukingoni zilinyooka. Nyuma, safu za ndani za roshani za juu, nyuzi kadhaa ziligonga mihimili. Watu wa huko walikuwa wanasikia bila kuona. Kijana mmoja akauliza kama wasioona walihesabika wamehudhuria ibada. Mchungaji wetu akamjibu kwamba imani chanzo chake ni kusikia, Warumi 10, na mjadala uliofuata ulikuwa mzuri kuliko somo lolote ambalo ningeandaa. Nikaongeza langu la kiufundi: umbali. Katika ukumbi wa mita 14 upana, mtu wa roshani ya juu yuko karibu na mhubiri kuliko mtu wa benchi la nyuma katika kanisa refu la mawe. Mbao za roshani na dari hazirudishi mwangwi mrefu kama kuta za mawe, na watu wenyewe wananyonya sauti. Kwa mahubiri ya saa nzima bila kipaza sauti, hilo ni jambo kubwa.

Altare ya Martin Schneider ya 1672 iko mwisho wa ukumbi. Ya kwetu ni sentimita kumi na moja, mtiki na rangi ya dhahabu. Aliyeichonga hakutaka mtu mwingine aishike hadi ilipokauka.

Septemba

Paa limepanda. Makombamoyo, pau, kisha vigae vidogo vya mbao nyembamba tulivyovipasua kwa kisu.

Swali la mwezi lilikuwa mnara. Sharti la 1648 liliukataza. Mwaka 1707 Charles XII wa Sweden alimbana Kaisari Joseph I kwa Mkataba wa Altranstädt, Walutheri wa Silesia wakapewa nafuu, na minara na kengele zikaruhusiwa. Jawor ikapata wake. Tukiujenga ukiwa umeshikana na kanisa tutaonyesha jengo la leo. Tukiuacha tutaonyesha lile la masharti. Wanafunzi walipiga kura ya kuufanya uchomoke, kwa vigingi viwili, na nimefurahi, maana ndivyo nilivyotaka bila kuwaambia.

Mzee amerudi. Kibao chake kimekaa nje masika yote na kipupwe chote, chokaa imefifia upande wa mvua, udongo uko palepale. Anataka kukandika upya ukuta mmoja wa nyumba ya dada yake, na ameomba wanafunzi wawili Jumamosi. Watakwenda wanne.

Kilichobaki kwa Oktoba: vioo vya madirisha, ambavyo tutavikata kwenye plastiki angavu, na kinanda. Tunatengeneza sanduku la kinanda kilichopo sasa, cha Adolf Alexander Lummert wa 1855–1856, kilichochukua nafasi ya kile cha 1664. Mabomba yatakuwa ya mwanzi mwembamba uliopakwa rangi ya fedha. Pia nguzo ya tatu ya upande wa kaskazini imeonyesha ufa mdogo kwenye ulimi. Nimemwachia mwanafunzi wa mwaka wa pili aigonge kigingi, aitoe na kuweka mpya, roshani zote nne zikiwa mahali pake. Modeli inapelekwa usharikani kwa ajili ya Siku ya Matengenezo ya Kanisa, 31 Oktoba. Mnara utasafiri kwenye kisanduku chake na vigingi vyake viwili.